Saa ya Otomatiki Ikisimama Yaeda Chini: Ipime Kabla Haijafunguliwa

Kiangazi kikikolea katika Bonde la Yaeda, nchini Tanzania, ziwa lake la msimu hukauka na upepo huinua vumbi lenye magadi. Vumbi hilo huingia kwenye redio, kwenye kufuli, kwenye tundu la chaji la simu, na kwenye upenyo mdogo ulio kati ya ufunguo wa saa ya mkono na ubavu wake. Ndani ya saa hiyo kuna ncha za chuma zenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Punje chache za udongo zinatosha kuzisimamisha.

Hata hivyo, saa ya otomatiki ndiyo inayofaa zaidi mahali kama hapa. Haidai betri, ambayo mkazi wa Yaeda Chini angelazimika kuipandia mlima mpaka Mbulu mjini au kuifuata Haydom. Haidai umeme wa sola. Inachodai ni mkono unaotembea, na mikono hiyo ipo. Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Herman Pontzer walichapisha vipimo vya mwendo wa Wahadzabe, majirani wa Ziwa Eyasi: wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake kilomita 5.8. Mlinzi wa msitu wa kijiji cha Domanga au Mongo wa Mono anayelipwa kutokana na mauzo ya hewa ukaa, mfugaji wa Kidatoga anayefuata ng'ombe na mkulima wa Kiiraqw anayepalilia mahindi, wote hujaza saa zao bila kukusudia. Mwalimu anayesahihisha madaftari mchana kutwa, au mgonjwa aliyelazwa wiki nzima, hawezi kuijaza ya kwake.

Kwa hiyo saa iliyosimama si lazima iwe imeharibika. Huenda ina njaa tu ya mwendo. Mwongozo huu unamwonyesha mwenye saa namna ya kuitambua ile yenye njaa na ile yenye ugonjwa, namna ya kumchagua fundi, na namna ya kuisafirisha kutoka bondeni na kuirudisha ikiwa salama. Shauri lake kuu ni moja: mfuniko wa nyuma usiguswe mpaka dalili zimeandikwa.

Inavyofanya kazi

Ukiigeuza saa ya otomatiki yenye mfuniko wa kioo nyuma, utaona kipande cha chuma cha nusu duara kikizunguka kila unapoitikisa. Hiyo ni rota. Mzunguko wake husukuma gia zinazokaza kamani, yaani ule utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo dogo la duara. Kamani ni mtungi wa saa: mchana unajazwa, usiku unachotwa. Nguvu inayotoka humo hupita kwenye msururu wa magurudumu mpaka kwenye gurudumu la mizani, linalokwenda na kurudi na kuigawa nguvu hiyo kwa vipande vilivyo sawa.

Fundi wa Kiingereza John Harwood ndiye aliyepata hataza ya Uswisi kwa saa ya mkono inayojijaza, mwaka 1924. Rota yake iligonga vizuizi pande mbili. Mwaka 1931 kampuni ya Rolex ilitoa rota inayozunguka duara zima, na mpango huo ndio uliomo katika saa nyingi za leo. Seiko ya Japani ilirahisisha kazi mwaka 1959 kwa wenzo mmoja unaoikaza kamani rota izungukapo kulia au kushoto, kisha mwaka 1963 ikaanza kuuza Seiko 5, saa imara ya bei ya watu wa kawaida. Saa hiyo ndiyo mfano mkuu katika kurasa hizi, kwa kuwa fundi anayeijua hapati shida kubwa na nyingine nyingi.

Mashine ya Seiko iitwayo 7S26, iliyotoka mwaka 1996, hupiga mapigo 21,600 kwa saa moja. Hayo ni mapigo 518,400 kwa siku, zaidi ya milioni 189 kwa mwaka. Mashine inayodaiwa kazi ya namna hiyo inahitaji kubadilishiwa mafuta.

Soma mgongo wa saa

Kabla ya kipimo chochote, isome saa yako. Nyuma ya Seiko pameandikwa namba kama 7S26-0020. Alama nne za mwanzo ndizo jina la mashine. Zinazofuata kistari ni za kasha. Pembeni kuna namba nyingine ya tarakimu sita. Ya kwanza huonyesha tarakimu ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa, ya pili mwezi, na kwa Oktoba, Novemba na Desemba hutumika herufi O, N na D. Saa ambayo namba yake inaanza na 5N ilitengenezwa Novemba ya mwaka unaoishia na 5.

Jina la mashine linakwambia mambo mawili. Mashine ya 7S26 haijazwi kwa ufunguo. Ukiuzungusha bure bure usidhani umeharibika. Vilevile, ukiuvuta ufunguo wake akrabu ya sekunde haisimami. Mashine ya 4R36, iliyomo kwenye Seiko 5 Sports nyingi za tangu mwaka 2019, inajazwa kwa ufunguo, na ukiuvuta mpaka mwisho akrabu ya sekunde inasimama papo hapo. Baadhi ya saa huonekana zimekufa kwa sababu hiyo tu: ufunguo ulinasa kwenye mkono wa sweta, ukavutika mpaka mwisho, na mwenyewe hakuona.

Basi kazi ya kwanza ni kuurudisha ufunguo ndani. Kama ni wa kukaza kwa hesi, ukaze. Saa ikianza kutembea, kazi imekwisha.

Vipimo vya nyumbani

Ufunguo ukiwa ndani na saa bado imelala, ishike uso ukiangalia juu, uizungushe kwa upana kutoka upande hadi upande kwa muda wa nusu dakika. Usiipige kiganjani wala usiigonge mezani. Kama mashine yako inakubali ufunguo, uzungushe kuelekea mbele. Kwa 4R36, mizunguko 55 huijaza kamani. Usiogope kuikata kwa kuizidisha. Ncha ya nje ya kamani ya otomatiki haikufungwa, hivyo ikijaa huteleza kwenye ukuta wa kopo lake.

Saa ikiamka, ivae mchana kutwa. Kisha ifanyie kipimo cha akiba. Kamani iliyojaa ya 7S26 au 4R36 huendesha saa kwa muda wa takriban saa 40. Ukiivua Jumamosi saa kumi na mbili jioni na kuiweka mahali salama, itarajiwe kutembea hadi Jumatatu saa nne asubuhi au karibu na hapo. Ikikoma Jumapili alfajiri, kuna jambo, na jambo hilo ni moja kati ya mawili: haikujazwa vya kutosha, au imejazwa na nguvu inapotelea njiani.

Kuyatenganisha ni rahisi kwa saa inayokubali ufunguo. Ijaze kwa ufunguo mpaka mwisho, iache mezani bila kuivaa, uhesabu. Ikifika saa 40, mashine yenyewe ni nzima. Kasoro iko kwenye rota na gia zake za kujazia, au kwenye mwendo mdogo wa mvaaji. Isipofika, kasoro iko kwenye kamani, mafuta au magurudumu. Kwa 7S26, mvalishe mtu anayetembea sana kwa siku nzima, kisha rudia hesabu. Kama kwa mchungaji inafika Jumatatu na kwa mwalimu haifiki Jumapili, haina haja ya fundi.

Kipimo kinachofuata ni cha mkao. Ilaze uso juu usiku mmoja, uso chini usiku wa pili, na usiku wa tatu isimamishe ufunguo ukielekea chini. Saa inayosimama katika mkao mmoja tu ina ncha iliyochoka au kupinda, au uchafu mahali fulani. Taarifa hiyo ni dhahabu kwa fundi mzuri, na hawezi kuipata kwa kuitazama dakika mbili dirishani.

Mwisho, iangalie kalenda. Weka akrabu kwenye wakati wa mchana, zisukume mbele polepole kupita saa sita usiku, uone tarehe na siku vinavyobadilika. Saa inayosimama kila usiku karibu na wakati huo inashindwa kuisukuma kalenda. Huenda kuna jino la gia lililovunjika kwa sababu mwenyewe alibadilisha tarehe wakati mbaya. Katika mashine za Seiko tarehe haibadilishwi kwa ufunguo kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, yaani akrabu zikiwa kati ya 9 na 4 za uso wa saa, kwa sababu gia za kalenda zimekwisha kushikana.

Andika kila kitu kwenye karatasi: siku, saa iliposimama, mkao, na nani aliivaa. Karatasi hiyo itasafiri na saa.

Dalili na maana yake

Saa inayoamka ikitikiswa na kulala tena baada ya dakika chache, mara nyingi mafuta yake yamekauka au yamechanganyika na vumbi. Hiyo inahitaji kufunguliwa yote, kuoshwa na kupakwa mafuta mapya. Hakuna njia ya mkato.

Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma unapoitikisa, rota imelegea: ama skrubu yake imefunguka, ama gololi zake zimelika. Usiendelee kuivaa, kwa kuwa rota iliyolegea hukwangua mashine na kasha, na unga wa chuma unaotoka huingia kwenye magurudumu. Rota isiyosikika kabisa nayo ni dalili, huenda imekwama.

Kama akrabu ya sekunde inatembea lakini ya dakika imebaki nyuma au haitembei, tatizo liko kwenye bomba dogo linaloshika akrabu ya dakika. Limelegea, na marekebisho yake ni madogo kwa fundi mwenye vifaa. Kama sekunde inafika mahali fulani na kukwama, huenda akrabu mbili zinagusana baada ya saa kuanguka. Tazama kwa upande kupitia kioo, mbele ya taa, na unaweza kuliona hilo kwa macho.

Saa isiyoonyesha uhai hata kidogo baada ya kutikiswa vizuri huenda kamani yake imekatika, au ncha ya gurudumu la mizani imevunjika kwa kuanguka. Abiria wa bodaboda kwenye barabara ya mawe hutikiswa kwa muda mrefu, lakini mtikiso huo hauui saa kama kipigo kimoja cha sakafu ya saruji.

Kuna pia saa isiyosimama bali inayokimbia dakika kadhaa mbele kila siku. Hiyo, mara nyingi, imeshika usumaku kutoka kwenye spika ya redio au mfuko wa simu unaofungwa kwa sumaku, na mikunjo ya springi nyembamba ya mizani inashikana. Fundi huiondoa kwa kifaa kidogo cha umeme kwa muda mfupi sana, bila kuifungua saa. Mtu anayetozwa gharama ya kuosha mashine nzima kwa tatizo hili anaonewa.

Usichanganye kukimbia huko na makosa ya kawaida. Seiko yenyewe inaruhusu 4R36 kwenda mbele hadi sekunde 45 au kuchelewa hadi sekunde 35 kwa siku. Muuguzi wa Haydom anayehesabu mapigo ya mgonjwa kwa akrabu ya sekunde hapotezi chochote kwa kosa hilo, maana katika dakika moja halionekani.

Maji hayasubiri

Dalili moja haina nafasi ya majaribio: ukungu ndani ya kioo. Vyuma vya ndani huanza kushika kutu mapema, na kutu ikishafika kwenye springi ya mizani, gharama inaruka. Ivue, usiitikise, usiianike juani, usiisogeze motoni. Kuizika kwenye mchele hakutoi maji yaliyo kati ya magurudumu. Ipeleke kwa fundi kwa usafiri wa kwanza unaopatikana, na umwambie maji yaliyoingia ni ya aina gani. Maji ya magadi na jasho yana chumvi, na chumvi inabaki hata maji yakikauka.

Maneno yaliyo nyuma ya saa yasomwe vizuri. "Water Resistant" bila namba, au bar 3, ni kinga ya matone ya mvua na ya kunawa. Kwa kuogelea, bar 10 ni salama zaidi. Na kinga yoyote hutegemea mpira mwembamba ulio chini ya mfuniko, ambao hukauka na kupasuka kwa umri.

Fundi gani?

Mafundi wa mnadani wana kazi zao na wanazifanya vizuri: kubadili mkanda, kupunguza vipande vya mkanda wa chuma, kuweka pini, kutia betri kwenye saa za betri. Kwa hayo hakuna sababu ya kusafiri. Lakini mashine ya otomatiki isifunguliwe kwenye meza iliyo wazi, ng'ombe wakipita na vumbi likitimka. Inataka chumba kilichofungwa, meza safi, na vikombe vya kufunikia vipuri.

Mtu wa Yaeda Chini ataanza kuuliza Mbulu mjini, Haydom na Babati. Akikosa, Arusha na Dar es Salaam ndiko kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kumpata fundi mwenye vifaa kamili. Popote alipo, mpime kwa maswali kabla hujamkabidhi saa.

Muulize ameshafungua mashine ya namba hiyo mara ngapi, na uitaje kwa jina: 7S26, 4R36, 7009. Fundi anayeifahamu atajibu bila kusita, na huenda akakuuliza yeye kuhusu akiba na mkao. Muulize anaosha vipi. Jibu sahihi ni kwamba anafungua kila kipande, anaosha kwa kimiminika cha kazi hiyo, anakausha, kisha anaunganisha huku akipaka mafuta. Fundi anayechovya mashine nzima kwenye petroli bila kuifungua anayeyusha mafuta ya zamani na kusambaza uchafu kila mahali. Saa itatembea wiki chache na kusimama tena ikiwa kavu kuliko mwanzo.

Muulize anatumia mafuta gani. Kazi ya saa ina mafuta yake. Moebius ya Uswisi, kwa mfano, ina mafuta mepesi ya namba 9010 kwa ncha zinazokwenda kasi, na grisi ya namba 8213 kwa ukuta wa kopo la kamani ya otomatiki. Grisi hiyo ndiyo inayoamua kamani iteleze wakati gani. Ikiwekwa isiyofaa, kamani huteleza kabla haijajaa, na saa iliyotoka tu kwa fundi inakufa usiku wa manane. Mafuta ya cherehani hayafai. Dawa ya kupulizia ya kulegeza nati haifai kabisa.

Muulize pia kama ana mashine ya kusikiliza mapigo. Kifaa hicho hushika mlio wa saa na kuonyesha inakimbia au inachelewa kiasi gani, na gurudumu la mizani linazunguka nyuzi ngapi. Mizani ya saa nyingi zilizosafishwa na kujazwa huzunguka takriban nyuzi 250 hadi 300 ikiwa imelazwa. Ikishuka chini ya 200, huenda saa inahitaji kuoshwa. Omba uonyeshwe namba hizo kabla ya kazi na baada yake. Fundi anayejiamini hataona shida.

Kuisafirisha

Ikiwa huwezi kwenda mwenyewe, jiandae hivi. Piga picha saa mbele, nyuma na ubavuni, namba zisomeke. Izungushie kitambaa laini, itie kwenye kopo gumu la plastiki lenye mfuniko, ijaze nafasi iliyobaki ili isichezecheze. Weka ndani karatasi ya dalili yenye jina lako na namba ya simu. Ukituma kwa basi, pata stakabadhi, andika namba ya gari, na umpigie fundi siku hiyo hiyo. Ukitumia Posta, chagua huduma inayokupa namba ya kufuatilia.

Makubaliano na fundi yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Yanahitaji mambo manne: kasoro aliyoiona, kazi atakayofanya, bei, na siku ya kumaliza. Ongeza sharti kwamba vipuri vilivyotolewa virudishwe pamoja na saa, na kwamba bei ikipanda apige simu kwanza. Lipa sehemu mwanzo, sehemu ukishaipokea na kuijaribu, na malipo yapite kwenye simu ili kumbukumbu ibaki.

Kutengeneza au kubadili mashine

Fundi mwaminifu anaweza kusema kuwa kuosha 7S26 kutagharimu zaidi ya kuweka mashine nyingine. Hilo ni kweli mara nyingi. Mashine ya NH36, iliyo ndugu wa 4R36 na inayouzwa kwa watengenezaji wengine wa saa, inaingia kwenye kasha nyingi zilizokuwa na 7S26, na mwenyewe anapata faida ya kujaza kwa ufunguo. Kwa saa ya kazi, hiyo ni njia nzuri, ilimradi fundi aseme wazi kuwa anabadilisha na akurudishie mashine ya zamani.

Saa ya urithi ni jambo jingine. Saa ya Uswisi aliyoiacha babu, yenye mashine iliyozaliwa nayo, ioshwe na kutengenezwa. Kubadilisha mashine kunaiondolea thamani na historia yake. Na kama fundi akifungua saa iliyoandikwa jina kubwa la Uswisi akakuta mashine ya bei ndogo isiyo na jina hilo, mwombe akupe picha kabla hajafunga. Bidhaa bandia nchini Tanzania zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, na picha hiyo pamoja na risiti ya dukani ndiyo mwanzo wa malalamiko yako.

Wanunuzi wa saa za mitumba nao wawe waangalifu na Seiko 5 za zamani zenye uso unaong'aa kwa rangi kali. Nyingi zenye mashine za 7009 na 6309 zilipakwa rangi upya India na kuunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Zinaweza kutembea, lakini uso mpya hausemi lolote kuhusu mafuta yaliyo ndani.

Ikirudi

Usiisifie saa siku ya kwanza. Rudia vipimo vyote: akiba ya saa 40, mikao mitatu, kalenda kupita usiku wa manane. Angalia kama kuna alama za bisibisi kwenye mfuniko, vumbi chini ya kioo, au ufunguo unaoyumba. Uliza kama mpira wa kuzuia maji umebadilishwa. Kila mfuniko unapofunguliwa, mpira huo unapaswa kukaguliwa, na uliochakaa kutupwa. Kama kuna kasoro, irudishe ndani ya muda mliokubaliana, na karatasi mpya ya dalili.

Baada ya hapo utunzaji ni mwepesi. Futa jasho na vumbi kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kila wiki pitisha mswaki laini kuzunguka ufunguo. Usiuvute ufunguo ukiwa juani penye upepo. Ukiwa na wiki ya kukaa sana, itikise saa nusu dakika asubuhi na jioni. Ushauri wa kawaida ni mashine ioshwe kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mahali penye vumbi kama Yaeda, usiipitishe miaka 5.

Mwenye saa iliyolala kabatini aitoe leo, aurudishe ufunguo ndani, aitikise nusu dakika na aanze kuandika. Ikisimama tena, aende kwa fundi na karatasi yake, na asimwachie saa mtu yeyote asiyeweza kumwambia kasoro ni nini na ataiondoa vipi.